Ukuta wa Kusini: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba ya Mawe Katika Kijiji cha Karafuu, Pemba

Nyumba ninayoieleza hapa imo katika kijiji kimoja cha mashamba ya karafuu upande wa Wete, Pemba. Jina la kijiji na la ukoo sitayataja, kwa kuwa wenyewe bado wanaishi humo na mashauri ya nyumba ni mashauri ya familia. Mimi ni mjukuu wa nyumba hiyo kwa upande wa mama, na kazi yangu ya kila siku ni kupima na kusimamia majengo. Mjomba aliniita baada ya ukuta wa mbele kuvimba, masika ya pili tangu upigwe plasta ya saruji, wakati familia ilipokuwa imegawanyika, wengine wakitaka nyumba ibomolewe na wengine wakitaka itengenezwe. Waliotaka kuibomoa walisema imezeeka. Baada ya kuipima na kuifukua nimeridhika kwamba kilichoiumiza ni matengenezo yake ya mwisho, tena si saruji peke yake kama tunavyopenda kusema sisi wa fani hii, bali saruji iliyokutana na upenu mfupi.

Wazee wa kijiji huiita nyumba ya baada ya tufani, na jina hilo lina maana yake. Tufani ya mwaka 1872 iliiangukia Unguja ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu iliyokuwa imepandwa tangu enzi za Sultani Seyyid Said, lakini Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Karafuu ikawa adimu, bei ikapanda, na wenye mali wakavuka mkondo kuja kufungua mashamba kwenye vilima vya Pemba, ambako udongo ni mzito na mvua ni nyingi. Tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa ikitoa karafuu nyingi zaidi Visiwani. Mwenye shamba alihitaji nyumba ya kukaa msimu wa uchumaji, ghala ya kuwekea magunia na sakafu pana ya kuanikia, na vyote vitatu vimo katika kiwanja kile hadi leo, ingawa ghala imebaki kuta tatu tu na sakafu imeota majani katika nyufa.

Mawe yake hayakuokotwa pale. Kilima chenyewe ni udongo mtupu, na jiwe la kujengea hupatikana pwani. Bibi alisimuliwa na mama mkwe wake kwamba mawe yalipandishwa kwa mashua ndani ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, wakati wa bamvua, maji yanapojaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, kisha yakabebwa kichwani hadi juu. Kabla hali ya utumwa haijafutwa kisheria mwaka 1897, kazi za namna hiyo katika mashamba ya karafuu zilifanywa kwa mikono ya watumwa, na sioni namna ya kuisifu nyumba hii kwa haki bila kulitaja jambo hilo. Waliobeba hawakuandikwa popote. Kilichobaki chao ni ukuta.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ardhi ilitwaliwa na Serikali, na mashamba makubwa yakagawiwa wananchi kwa eka tatu tatu. Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mchumaji katika shamba lile lile, alipata eka zake ubavuni mwa nyumba, na nyumba yenyewe ikakaliwa na familia tatu. Ukumbi ulikatwa kwa ukuta mwembamba wa udongo, mlango wa pili ukatobolewa upande wa mashariki, na jiko la makuti likaegeshwa nyuma. Watu wa majumba ya kale huyaita mabadiliko hayo uharibifu. Mimi sikubali. Yalifanywa kwa udongo, fito na makuti, vitu ambavyo nyumba ilikuwa ikivijua, na hakuna hata kimoja kilichoidhuru. Bali jiko lile la nyuma, kama nitakavyoeleza, ndilo lililonisaidia kuutambua ugonjwa.

Kwa anayeitazama kutoka njiani nyumba haina makuu. Imeelekea kusini, ghorofa moja, na pande zote mbili za mlango kuna baraza ya mawe inayofika magotini. Mlango una mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa, na nakshi yake ni mstari mmoja wa mnyororo kwenye kizingiti cha juu na ua moja katikati ya mfaa. Ukiingia unapita daka fupi, yaani kijiukumbi cha mlangoni, kisha ukumbi uliolala mashariki hadi magharibi, kisha vyumba viwili, na nyuma yake uwa. Katika chumba cha ndani, ukuta wa kaskazini una safu mbili za vidaka, vishubaka vya kuwekea vitu ukutani, vilivyochongwa kwa tumbawe laini, lile linalokatwa baharini likiwa bado bichi na kuchongeka kama muhogo, kisha likakauka na kuwa gumu. Ufundi huo ni wa kale mno katika visiwa hivi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani kule Unguja una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yaliyochongwa katika mawe ya aina hiyo, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Vidaka vya bibi si vya zama hizo, lakini mkono ulioshika patasi ulikuwa umerithi kazi kutoka kwa mikono mingi.

Upana wa vyumba ndio unaoanza kumfundisha mpimaji. Ukumbi una mita 2.6 kutoka ukuta hadi ukuta, chumba cha kwanza mita 2.6, cha pili mita 2.5, ilhali urefu wao unatofautiana sana. Sababu ni boriti. Dari limebebwa na boriti za mkoko zilizopangwa karibu karibu, na mti wa mkoko ulionyooka, wenye unene wa kuaminika kwa mzigo, hautoi zaidi ya mita tatu hivi ukiacha ncha zinazokaa ndani ya ukuta. Ndiyo maana nyumba za mawe za pwani yote, kutoka Lamu hadi Kilwa, zina vyumba vyembamba na virefu: mti wa horini ndio uliochora ramani yao. Juu ya boriti kuna mawe madogo, juu ya mawe kuna kokoto na chokaa iliyopondwa kwa siku nyingi, na unene wote unafika kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ni mzigo mkubwa. Mzigo huo wote unatua kwenye ncha za boriti, na ncha za boriti zimezikwa ndani ya ukuta. Msomaji na alishike hilo, kwa kuwa kisa chote kinarudi hapo.

Ukuta nao, ingawa una unene wa sentimita 55, si jiwe moja. Ni nyuso mbili za mawe yaliyopangwa, ya nje na ya ndani, na katikati umejazwa vifusi vya mawe vilivyoshikwa kwa udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa. Udongo ule ukiwa mkavu unabeba bila taabu. Ukirowa na ukabaki umerowa, unarudi kuwa tope. Wajenzi walilijua hilo, na ulinzi wao ulikuwa wa namna mbili. Kwanza walivika paa la makuti lenye upenu uliotoka kiasi cha mita moja mbele ya ukuta, ili mvua ianguke mbali. Pili walipaka plasta ya chokaa, ambayo hairuhusu maji kupita kwa kasi lakini huyaachia yatoke kama mvuke jua linapowaka. Bibi hakusoma elimu ya majengo, lakini alipoona nimekaa na daftari langu kwenye baraza aliniambia: "Mwanangu, nyumba hii zamani ikirowa yakauka yenyewe. Sasa yarowa, haikauki."

Chokaa hiyo ilichomwa kijijini. Bibi aliliona tanuu akiwa mtoto na analikumbuka vizuri: magogo yalipangwa duara, katikati pakaachwa shimo la kutilia moto, juu yake mawe ya matumbawe yakarundikwa, na moto ukawashwa kukiwa na upepo. Kisayansi jambo hilo linaelezeka kwa maneno machache. Jiwe la matumbawe likipata moto wa kadiri ya nyuzi 900 za Selsiasi hutoa kaboni dayoksaidi. Likimwagiwa maji huchemka na kupasuka likawa unga. Na unga huo ukishapakwa ukutani huivuta tena hewa ile ile polepole, kwa miezi na hata miaka, ukarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo plasta ya chokaa na jiwe lililo nyuma yake ni ndugu wa damu. Hupanuka pamoja, hunywa maji pamoja na kukauka pamoja. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, na inapozuia njia ya maji haina mlango mwingine wa kuyatolea.

Nyumba iliishi hivyo mpaka makuti yalipokuwa taabu kupatikana na mabati yakawa alama ya maendeleo. Makuti yaliondolewa kwanza, na watoto walioko nje ya kisiwa wakachanga fedha za mabati. Fundi alipunguza idadi ya mabati kwa kuufupisha upenu hadi ukabaki shubiri moja, na mfereji wa kukusanya maji haukuwekwa. Miaka kadhaa baadaye, plasta ya chokaa ya upande wa kusini ikiwa imeanza kubanduka, fedha nyingine zilichangwa. Ukuta wa kusini na wa kaskazini ikapigwa saruji kutoka chini hadi darini, na ndani ya ukumbi ikapakwa rangi ya mafuta hadi usawa wa bega ili pafutike kwa urahisi. Ukuta wa mashariki ulibaki na chokaa yake kuukuu kwa sababu fedha ziliisha. Wa magharibi una dirisha moja tu na umekingwa na mwembe, nao sitauzungumzia zaidi. Simlaumu yeyote katika hayo. Kila mmoja alifanya kwa mapenzi, na wakati ule mimi mwenyewe niliona picha ya ukuta uliong'aa nikafurahi.

Nilipofika, timazi, uzi wenye uzito wa kupimia wima, niliyoining'iniza kutoka darini ilionesha kwamba ukuta wa kusini umetoka nje kwa sentimita 9 katika sehemu iliyovimba zaidi, kama mita mbili kutoka ardhini. Ndani ya ukumbi kulikuwa na ufa kati ya dari na ukuta ambao kidole kilipita. Boriti nne zilikuwa zimeshuka. Rangi ya mafuta ilikuwa na malengelenge, na ukilitoboa moja kwa kucha hutoka tone la maji na nyuma yake chumvi nyeupe iliyosimama kama manyoya.

Dhana ya kwanza ya kijiji ilikuwa kwamba msingi umedidimia. Ni dhana ya busara, na haikuwa sahihi kuipita hivi hivi. Tulichimba shimo kando ya ukuta mpaka chini ya jiwe la mwisho, tukakuta msingi umekaa juu ya udongo mgumu uliokauka, bila dalili ya kushuka. Aidha nilibandika vipande vyembamba vya kioo juu ya nyufa tatu ili vikatike ikiwa ukuta bado unakwenda. Kile cha juu, karibu na dari, kilikatika baada ya mvua kubwa ya pili, na viwili vya chini vilibaki vizima. Ugonjwa uliokuwa ukitembea ulikuwa juu, wala haukutoka ardhini.

Baada ya hapo tukaifungua saruji. Fundi tuliyemchukua, mzee aliyejifunza kwa baba yake, aliupitishia ukuta kiganja, akagonga kwa nyuma ya nyundo, akasikiliza, kisha akatia tindo mahali palipolia kama ngoma. Kipande cha saruji cha upana wa sinia kilitoka kizima, kikiwa kimebeba mgongoni ngozi nyembamba ya jiwe. Nyuma yake udongo wa ukuta ulikuwa mweusi. Aliuchota, akaukamua katika ngumi, na maji yakapita kati ya vidole vyake, ilhali mvua ilikuwa imekatika siku kumi na moja na kisima cha jirani kilikuwa kimeanza kushuka. Tulipofika kwenye ncha ya boriti iliyozikwa, aliiingiza patasi bila kuigonga, nayo ikazama hadi mpini. Unga uliotoka ulikuwa laini kama ugoro. Nje ya ukuta, boriti ile ile, hatua moja tu mbele, ilikuwa ngumu kiasi cha kurudisha nyundo.

Wengi wangeishia hapo na kuitia saruji hatiani. Lakini ukuta wa kaskazini ulipigwa saruji ile ile, na fundi yule yule, wiki ile ile, na ulikuwa mkavu na umenyooka; timazi haikuonesha hata sentimita moja. Tofauti yake ni jiko la makuti lililoegeshwa hapo baada ya 1964, ambalo paa lake linaukinga ukuta na mvua kwa urefu wote. Ukuta wa mashariki nao una upenu mfupi ule ule wa bati, na mvua za kusi huupiga bila huruma, lakini haukupata saruji. Ulikuwa na madoa, ukungu na plasta iliyobanduka mahali pengi, kiasi kwamba kwa macho ndio uliokuwa mbovu kuliko zote, na hata hivyo ulikuwa umesimama wima na ncha za boriti zake zilikuwa nzima. Kwa hiyo saruji bila mvua haikudhuru, na mvua bila saruji ilichafua tu. Ni ukuta wa kusini pekee uliopata vyote viwili: maji yaliingia kutoka juu, pale bati fupi lilipoyamwagia kwenye kichwa cha ukuta na katika nyufa nyembamba za saruji, na yalipoingia hayakupata pa kutokea, nje kuna saruji na ndani kuna rangi ya mafuta. Yakakaa. Udongo wa katikati ukalainika, nyuso mbili za mawe zikaachana, ncha za boriti zikaoza, mzigo wa dari ukahamia ukingoni mwa uso wa nje na kuusukuma.

Hoja hii ndiyo niliyoipeleka kwenye kikao cha familia, na sikuipitisha kwa urahisi. Mjomba mkubwa alitukumbusha kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe wa Unguja, tarehe 25 Disemba 2020, jumba lililojengwa mwaka 1883 na lililokuwa likitazamwa na dunia nzima. Aliuliza: ikiwa lile limeshindikana, sisi wa kijijini na karafuu zetu tutaweza nini? Swali lilikuwa la haki. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi na tangu mwaka 2000 umo katika Urithi wa Dunia. Magofu ya hapa Pemba kama Ras Mkumbuu na Pujini yanatambuliwa kuwa mambo ya kale. Nyumba ya shamba inayokaliwa na watu haimo katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Nilimjibu kwamba udogo wa nyumba yetu ndio uwezo wetu: ukuta mbovu ni mmoja, mzigo wake tunaujua, na kuubomoa wote kungemaanisha kununua kila tofali la nyumba mpya ilhali mawe mazuri yapo pale pale. Kilichoamua hasa ni bibi, aliyesema kwamba hatalala katika nyumba ya matofali wakati wa joto la Januari.

Kazi ilianza mwisho wa vuli ili tupate kiangazi kizima cha kaskazi. Kwanza tulisimamisha nguzo na mhimili chini ya dari, ndani ya ukumbi, ili ukuta upumzishwe mzigo. Pili, kabla ya kugusa jiwe hata moja, tuliongeza upenu kwa mbao na mabati hadi sentimita 80 na kutia mfereji unaopeleka maji kwenye pipa. Mafundi walishangaa kwa nini tunaanza na paa ilhali tumeitwa kwa ukuta. Tatu tulitoa saruji yote ya kusini na rangi yote ya mafuta, kwa mkono, kwa tindo ndogo, kwani mashine ingetikisa kilichobaki. Halafu tukaacha. Wiki saba ukuta ulisimama uchi na watu wakapita wakisikitika. Chumvi ilitoka usiku kwa usiku, bibi na wajukuu wakaifagia asubuhi kwa fagio kavu, bila maji, na kila wiki ilipungua.

Sehemu iliyovimba ilifunguliwa kwa vipande vya upana wa nusu mita, kimoja baada ya kingine bila kufuatana, na kila kipande kilijengwa kabla ya jirani yake kuguswa. Mawe yalirudishwa yale yale. Kila hatua tatu tuliweka jiwe refu linalopita kutoka uso wa nje hadi wa ndani ili nyuso zisiachane tena. Wajenzi wa kwanza walikuwa wameweka machache mno, na hilo ni kosa lao ambalo ni haki kulitaja. Chokaa tuliinunua kwa wachomaji wanaotumia mawe ya nchi kavu, kwa kuwa kuchimba matumbawe hai baharini ni kuwanyang'anya wavuvi mazalio ya samaki. Tuliiloweka ndani ya shimo muda wote ukuta ulipokuwa ukikauka, mpaka ikawa laini kama siagi. Boriti zilitaka kibali cha kukata mikoko, na mikoko haikatwi ovyo. Tuliruhusiwa idadi ndogo, ikatosha kubadili zile nne zilizooza. Nyingine mbili zilizoanza kulainika tulizikata ncha na kuziegemeza juu ya ubao wa mfenesi uliolazwa kando ya ukuta, nje ya unyevu. Haupendezi macho. Unafanya kazi.

Ukuta wa kaskazini hatukuutoa saruji yake. Wapo wenzangu watakaoniona nimekosa, lakini kuing'oa kungevunja nyuso za mawe mazima kwa ajili ya hofu tu, na maadamu jiko lina paa, maji hayafiki. Nimemwachia mjomba sharti moja: siku jiko likiondolewa, saruji nayo iondolewe. Ukuta wa mashariki ulipakwa chokaa mpya tabaka tatu nyembamba, na mlango uliotobolewa miaka ile umebaki.

Masika iliyofuata nilikwenda kukaa siku nne za mvua mfululizo. Ukuta wa kusini uliiva rangi kwa unyevu hadi usawa wa baraza, na siku ya pili ya jua ulirudi kuwa mweupe kuanzia juu kwenda chini. Vioo vipya nilivyobandika karibu na dari ni vizima. Timazi inaonesha sentimita 2, nazo ni za pembe ya magharibi, ambako jiwe kubwa la kona halikukubali kurudi mahali pake na fundi akakataa kulilazimisha. Nimeweka alama ya penseli hapo, na mtoto wa mjomba ameahidi kuipima kila baada ya masika.